Beji Namba Mia Moja na Nne

Kila robo mwaka huja kwangu ndani ya bahasha za kaki,
beji za watu nisiowajua sura:
wa eksirei Mbagala, wa meno Upanga,
na kumi na mbili za mafundi wa Kigamboni
wanaopiga picha maungio ya mabomba usiku,
kutafuta ufa ambao jicho halioni.
Nawatambua kwa harufu. Dawa ya sakafu. Karafuu. Dizeli.

Mia moja na nne ni Tumpale Mwasomola, dizeli.
Safari hii plastiki yake imepinda pembeni
kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati.

Ndani ya beji mna fuwele, kipande cha ukucha.
Mionzi ikipita, fuwele hubana kidogo,
hukaa kimya nacho
kama mtoto aliyeficha sukari shavuni.
Mimi huilaza kwenye sahani ya mashine, naipasha,
digrii mia mbili na zaidi, hadi iteme:
mwanga mdogo mno, sijawahi kuuona kwa macho yangu.
Mashine huuona. Mashine huandika.

Hiyo ndiyo siri yake yote: husema kwa joto.
Na hiyo ndiyo shida yake:
haiulizi joto la nani.

Sifuri nukta tatu, iliandika.
Nikafuta miwani. Sifuri nukta tatu.
Siwezi kuisoma mara ya pili, kuisoma ni kuifuta.

Nikampigia.
"Fundi, Februari mlipiga picha ngapi?"
"Aa, tulikesha, dada. Mia tatu hivi. Kuna nini?"
"Ukimaliza, beji unaiweka wapi?"
"Kwenye pikapu, juu ya dashibodi.
Niione, nisiisahau."

Niione, nisiisahau.

Nikatoa beji mbili za akiba, pacha,
nikazipa dozi moja, sawasawa, kwa mkono wangu.
Moja nikaifungia kwenye droo pamoja na risiti za Luku.
Nyingine nikaiacha garini, nyuma ya maabara,
pale uwanjani ambapo kivuli hakijawahi kuajiriwa,
vioo vimepandishwa, wiki sita.
Saa nane mchana usukani haushikiki,
naushika kwa pindo la kanga.
Kipimajoto nilichoazima jikoni kwa mama
kilipanda hadi sabini, kikagoma.

Ya droo ilisema yote.
Ya garini ilisema nusu, na nusu yenyewe kwa kusitasita:
ilikwishaongea na jua,
mchana baada ya mchana,
bila shahidi.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
walimjua chawa, angalau chawa huwasha.
Huyu wa Tumpale hapigi hodi, haachi upele,
anapita kwenye nyama kama mtu apitaye uani kwa jirani.
Shahidi alikuwa mmoja, mwenye pini, kifuani,
naye tulimwanika.

Fomu ina safu ya namba na safu ya sahihi.
Safu ya jua haina.
Nikaandika sifuri nukta tatu, kwa wino, kwa kuwa ndivyo mashine ilivyosema,
na pembeni, kwa penseli: *si kweli*.
Penseli hufutika. Najua.

"Ndogo?" alicheka nilipompa habari. "Basi afadhali!"
Sikucheka. Akanyamaza, nikasikia jenereta nyuma yake.
"Kwa hiyo nimekula kiasi gani?"
Nikamwambia sijui.
Miaka kumi na moja kazini, sijawahi kumwambia mtu neno hilo.

Nimempelekea mpya, na kamba.
"Itundike ndani, penye ubaridi, karibu na mtungi."
"Mtungi, dada? Siku hizi ni ndoo."
Ndoo, basi. Ndoo.

Ile ya zamani inangoja tanuri,
ichomwe isahau hata mabaki, ipewe mtu mwingine.
Nimeiacha mezani tangu Jumatatu,
chini ya feni.
Umeme umekatika tena.